Jiwe Halina Balbu Ndani

Jumatatu, 1 Februari 1999

Ufunguo wa bomba tena. Nimesimama kaunta robo saa nzima, beseni kwapani, nikingoja Kantibhai amalize kubishana na mteja kuhusu mkanda wa feni. Ufunguo wenyewe umening'inia msumarini nyuma yake. Nauona. Siruhusiwi kuugusa. Huu ni mwezi wa tatu tangu aniruhusu kukaa nyuma ya duka lake la vipuri, chini ya lile bati linalovuja, na bado kila asubuhi naomba maji kama mpita njia.

Nimemaliza taa mbili za mwalimu mkuu kutoka Nyamache. Zilikuwa za manjano kama meno ya mvuta kiko. Magari haya yanayotoka Japani siku hizi, kioo cha taa si kioo, ni plastiki, na jua limeshaila. Nimefanya vile tulivyofanya mawe ya sabuni, yale laini ya kuchonga, kule Tabaka. Msasa mkali ndani ya maji, halafu msasa laini, halafu laini zaidi. Kuanika juani mpaka ipate joto. Kupaka nta. Kusugua kwa kitambaa cha sweta kuukuu. Zimeng'aa hadi mwalimu akajitazama ndani yake na kunyoosha tai.

Ombati hakuwa na neno zuri. Huyu ni fundi wa umeme wa magari, tunagawana ua mmoja kwa bahati mbaya. Ananiita Mama Tembo kwa sababu ya tembo wa mawe niliowasugua miaka kumi na mitano. Yeye dawa ya taa zote ni dawa ya meno. Ananichosha.

Kantibhai alitoka na kikombe chake cha chai, akazunguka gari la mwalimu mara mbili. Akaniambia kuna mtu wa kuchaji betri anaitaka kona yangu. Ataamua mwisho wa mwezi. Alisema hivyo kama anayetaja bei ya plagi, akarudi ndani.

Kona ikienda, narudi Tabaka kwenye vumbi. Sijui mahali pengine mjini penye bomba, kivuli na magari yanayoingia yenyewe. Daktari alinisikiliza kifua akasema jiwe basi. Na nilimwahidi mama kwamba siku kona itakuwa yangu kabisa, nitamtoa na yeye kule. Mama anakohoa kuliko mimi.

Naandika kwa hasira. Mwandiko unaonyesha.

Jumatano, 3 Februari

Leo taa iliyopasuka. Pikapu ya kubeba ndizi, iliingia kwenye mkokoteni pale Daraja Mbili. Ufa mrefu kama kidole changu cha kati. Nilitoboa katundu kadogo mwisho wa ufa ili usiendelee kutembea. Hapo nilifanya vizuri.

Halafu nikafanya ujinga. Nikaujaza ufa gundi na unga wa jiwe, kama tunavyoziba sikio la tembo likivunjika. Ikakauka nyeupe. Taa ikawa kama imefungwa bendeji. Dereva alicheka hadi akakaa chini. Ombati aliita watu wa duka la jirani waje kuona. Nikakwangua yote, nikajaza gundi tupu, mchana wote ukaisha hapo.

Mikono hii imezoea jiwe. Inaniudhi.

Ijumaa, 5 Februari

Mvua saa nane. Hakuna jua la kuanikia. Nimefunga kazi saa kumi ili nipike na kupiga pasi kabla Sabato haijaingia. Kerubo binti yangu ameunguza kola ya gauni la kanisani. Hasira zote nilikuwa nimezimaliza mjini.

Jumapili, 7 Februari

Tabaka. Mama alikuwa ameketi palepale, mguu wake upande huu wa beseni, mguu upande ule, anasugua vibakuli. Yeye kazi yake ni ya maji, haina vumbi. Vumbi ni la wachongaji waliomzunguka, wanapiga tupa kavu mchana kutwa, linamtulia kichwani mpaka unadhani amepakwa unga. Nywele za mama zimekuwa nyeupe kabla hazijawa nyeupe.

Alinionyesha kigoda changu. Bado kipo. Hakuna aliyekikalia, kasema, kwa hiyo nikishindwa na mambo ya mjini nisione haya. Alisema kwa upendo. Mimi nilikasirika. Nilikunywa chai yake nikiwa nimekasirika na nikaondoka mapema, na sasa najilaumu.

Alikohoa mara kumi na moja wakati wa chai. Sikutaka kuhesabu.

Jumanne, 9 Februari

Siku mbaya.

Mwalimu mkuu amerudi. Akaegesha gari, akashuka, akanisalimu vizuri sana kwa Kigusii, *bwakire*, na hapo nikajua kuna jambo. Akanionyesha taa. Zilikuwa kama vitumbua vilivyoanguka mchangani. Vumbi limeganda, wadudu wamenata na mabawa yao, katikati kuna michirizi. Anasema alikuwa anarudi nyumbani giza likiingia, akawasha, na kadiri alivyoendelea ndivyo barabara ilivyopotea. Alimaliza safari kichwa kikiwa nje ya dirisha. Mwalimu mkuu mzima.

"Mama Kerubo, afadhali yale manjano ya kwanza," akasema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nikamwambia lazima mtu alipaka dawa ya meno juu ya kazi yangu. Nilisema huku nikimtazama Ombati. Ombati akaapa kwa Mama Maria kwamba hajagusa.

Mwalimu alipoondoka nilichukua taa kuukuu iliyong'olewa, niliyoipaka nta wiki jana kwa mazoezi, nikamwomba Ombati aiunganishe na betri. Kumwomba yule mtu kitu ni adhabu. Tuliiacha ikiwaka nusu saa. Nikapitisha kidole. Kikateleza. Nta ilikuwa imelainika kama siagi, na alama ya kidole ikabaki.

Basi ni mimi. Miaka kumi na mitano nimepaka nta vitu ambavyo havitawaka hata siku moja. Tembo akishapakwa anakaa juu ya kabati la mtu huko mbali, hapati joto, hapigwi na vumbi la barabara. Jiwe halina balbu ndani. Mtoto angeliona hilo. Mimi sikuliona, na bado nilikuwa najiona fundi.

Jumatano, 10 Februari

Sikulala vizuri. Nimeamka na hasira na nta.

Nimefuta nta kwenye ile taa kwa mafuta taa. Chini yake, plastiki nyeupe, mikwaruzo mitupu. Kumbe nta ilikuwa inanificha mimi mwenyewe. Kazi ilikuwa haijaisha, nilikuwa naifunika.

Sasa nini kinakuja baada ya msasa laini kabisa? Nimejaribu majivu. Hapana. Unga wa jiwe. Hapana, una chembe ngumu zinazochora. Dawa ya meno ya Ombati, nilipojua hatazami. Inasaidia kidogo sana, na sitamwambia hata nikiwa kaburini.

Alhamisi, 11 Februari

Nimekwenda kwa wapiga rangi wa magari, nikasimama kama mwanafunzi. Mmoja ana huruma. Akanionyesha kopo la losheni nzito ya kijivu wanayosugulia rangi ikishakauka. Akaniambia hiyo ni ya bodi, si ya taa. Nikamwomba kiasi cha kijiko kwenye karatasi.

Nilisugua saa nzima kwa kitambaa chenye unyevu. Ile nyeupe ikaanza kwenda. Ikaenda kabisa. Nikaweka kidole nyuma ya kioo, nikaona mpaka mistari ya ngozi. Bila nta. Tukawasha nusu saa, nikagusa, kikavu. Hata Ombati alinyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Nikaingia dukani kumuuliza Kantibhai losheni hiyo inapatikana wapi. Akageuka, akanyoosha mkono, akaitoa rafuni. Makopo sita, yana vumbi, yako hatua nane kutoka ninapokaa. Miezi mitatu! Nilitaka kulia pale kaunta.

Ijumaa, 12 Februari

Mapema asubuhi Ekerenyo. Mtu wa pili niliyempakia nta ni Mzee Onchiri, mkulima wa majani chai, ana pikapu ya zamani aliyobadilishiwa taa. Nilitaka nimtengenezee upya kabla mambo hayajamharibikia. Nilipanda kile kilima na beseni kichwani.

Mzee alinipokea vizuri, uji na ndizi. Nilipoeleza nilichojia, akasimama mbele ya pikapu akaikinga kwa mikono miwili.

"Mwanangu, ulinipa mwangaza, sasa umekuja kuuchukua?"

Nikamweleza nta. Nikamweleza balbu. Akaniambia yeye usiku huwa amelala, taa hajawasha tangu mwaka juzi, anachotaka ni zing'ae akiingia kanisani. Akaita mke wake aje ashuhudie. Akanifukuza shambani kwake kwa heshima zote, na mkungu wa ndizi juu ya beseni.

Nilishuka kilima nikiongea peke yangu. Mtu anakwenda kutubu anakataliwa.

Jumanne, 16 Februari

Mwalimu mkuu amekuja, baada ya ujumbe mara tatu. Nimefuta, nimesugua upya, losheni, kitambaa. Hakujitazama safari hii. Aliwasha taa, akakaa ndani ya gari muda mrefu, kisha akatoka akaigusa kwa mkono wake. Akasema tutaona.

Kantibhai alikuwa mlangoni. Amesikia habari zote, mji huu hauna siri. Nikajua sasa ndiyo mwisho. Badala yake akasema Jumapili asubuhi anakwenda Nakuru kwenye harusi ya mpwa wake, na familia nzima, na kwa taa zake haoni mbele.

"Ijumaa asubuhi nakupa gari. Ikiwa nzuri, kona tunaongea. Ikiwa kama ya mwalimu, usiniambie kitu."

Sawa. Hiyo ni haki. Ijumaa asubuhi inanitosha.

Ijumaa, 19 Februari

Ijumaa asubuhi, kasema. Gari limeletwa saa tisa alasiri! Alikwenda kuchukua bidhaa, akapitia benki, akapitia kwa fundi wa nguo. Mimi nimekaa na beseni la maji tangu saa mbili, maji yenyewe yameshapata joto.

Taa ya kushoto nimeimaliza. Nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Ya kulia nilikuwa nimepita msasa mkali tu, na hapo ndipo plastiki inakuwa nyeupe kama jicho lenye mtoto wa jicho. Anayejua kazi anajua ni lazima ipite hapo. Asiyejua anaona umemharibia gari. Na jua lilikuwa juu ya paa la duka la pili.

Nikaosha mikono. Nikafunika beseni.

Ombati alisema niendelee, Mungu anaelewa. Akasema basi nimpe yeye msasa, maana Wakatoliki hawana shida na Ijumaa. Nikamwambia asiguse. Nilimwambia mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kigusii.

Kantibhai alishuka akaona gari lake, jicho moja zima, jicho moja limepofuka. Akauliza kama kesho ninakuja. Nikasema kesho ni Sabato, nitakuja Jumapili alfajiri, ataondoka na taa zake. Anajua Sabato, ameishi hapa tangu azaliwe, na yeye Diwali hufunga duka. Hakunigombeza. Aliitazama tu ile nyeupe, akafunga bomba kwa kufuli, akapanda ngazi kwenda kwake juu ya duka.

Nimefika nyumbani jua likizama. Sina amani hata kidogo.

Jumamosi, 20 Februari

Jua limeshazama ndiyo naandika. Kanisani sikusikia mahubiri. Mchungaji alisoma, mimi nikasugua taa. Waliimba, mimi nikasugua taa. Kama kufanya kazi kichwani ni dhambi basi leo nimevunja Sabato tangu asubuhi.

Jumapili, 21 Februari

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Nilifika saa kumi na mbili na nusu. Gari limeshaoshwa. Taa zote mbili zinameta. Nilisimama langoni nikidhani nimekosea gari.

Nikaenda ile ya kulia, nikapitisha kidole. Nta. Kopo langu la nta lilikuwa pale kwenye bati, kifuniko kimekaa upande. Ombati. Jana, mimi nikiwa kanisani, ameipaka nta ile nyeupe na kuisugua, na kwa macho ya mchana ilikuwa nzuri kweli. Alikuwa amejifunza kwa kunitazama mimi.

Kantibhai akashuka ngazi na shati jipya, anacheka.

"Mama, kazi safi! Ombati amesema ulimwagiza amalize. Nikirudi tunaongea kona."

Hapo ndipo nilipopata shida. Kona ilikuwa tayari mkononi mwangu. Sikutakiwa kusema lolote. Nilitakiwa tu kusema asante, safari njema, salimia maharusi. Mama yake mzee, wanayemwita Ba, alikuwa ameshaketi kiti cha mbele na begi mapajani. Watoto nyuma. Kantibhai mwenyewe alisema watapita Londiani giza likishaingia wakati wa kurudi, maana harusi zao huchukua wiki nzima na siku ya mwisho haiishi mapema. Nikafikiria kichwa cha mwalimu mkuu nje ya dirisha. Nikafikiria kigoda changu Tabaka. Vyote viwili kwa pamoja, hadi akaniuliza kama naumwa.

Nikachukua kitambaa, nikakilowesha mafuta taa, nikaifuta taa ya kulia. Mara moja, kutoka juu hadi chini. Ikawa nyeupe.

Alipiga kelele. Kwanza kwa Kihindi, kwa wote waliokuwa ndani ya gari, kisha kwa Kiswahili, kwangu.

"Wewe mama una kichwa kweli? Ilikuwa sawa! Ilikuwa sawa kabisa!"

Nikamwambia haikuwa sawa, itayeyuka akiwasha, kama ile ya Nyamache, na sikumwagiza mtu yeyote. Anipe saa moja. Akasema saa moja hana. Nikamwambia basi aende na jicho moja.

Sijui nilitoa wapi maneno hayo. Kwa mtu ambaye bati lake ndilo ninalokaa chini yake.

Wakati huo Ba akafungua mlango, akateremka polepole, akaketi juu ya kreti ya soda, akasema neno moja au mawili kwa lugha yao. Kantibhai akafunga mdomo. Nikasema nahitaji maji. Akautoa ufunguo wa bomba mfukoni akanitupia, ukaingia ndani ya beseni.

Nilianza upya kabisa, maana nta ilikuwa imeingia kwenye kila mkwaruzo. Msasa mkali, laini, laini zaidi, losheni. Nilisugua hadi kucha ikapasuka. Ba alikuwa ananitazama mikono, si uso. Mke wa Kantibhai alitazama saa kila mara. Watoto walikunjiana nguo za harusi. Saa moja ikapita, ikapita na nusu nyingine. Ikawa safi. Niliwasha mwenyewe, nikaweka kiganja mbele, nikazima.

Kantibhai hakuangalia. Aliinama akatoa ufunguo kwenye beseni, akaukausha kwa leso, akautia mfukoni, akaingia garini. Hakuna asante, hakuna kwaheri, hakuna kona. Ba peke yake alinyanyua mkono dirishani.

Nilikaa juu ya ile kreti. Nimejifukuza kazi mwenyewe, kwa mikono yangu miwili.

Jumatatu, 22 Februari

Ameenda na ufunguo wa bomba Nakuru.

Uko mfukoni mwake. Karani wa duka ametafuta kila mahali. Sasa nachota maji kwa jerikeni kutoka hotelini, hatua mia tatu, wiki nzima.

Ombati anasema aliniokoa. Kantibhai alishuka Jumamosi akaona ile nyeupe, akasema aitiwe mtu wa betri siku hiyohiyo, ndipo Ombati akakimbilia nta. "Mama Tembo, mimi nilikutetea, wewe ukajipiga teke." Na ni kweli, alinitetea. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Siwezi hata kumchukia kwa raha. Nimemwambia asiguse tena kopo langu. Halafu nikalitupa kopo lenyewe kwenye pipa la taka, na nta yote ndani.

Jumatano, 24 Februari

Mtu wa betri amekuja na futi kamba. Kapima kona, urefu, upana. Akaniomba nisogeze mguu. Nikausogeza! Sijui kwa nini niliusogeza.

Ana adabu, ndiyo shida. Aliuliza kama maji yanafika mpaka hapa mvua ikinyesha. Nikamwambia yanafika. Ni kweli, lakini nilisema kwa kufurahia.

Alhamisi, 25 Februari

Mwalimu mkuu alipita njiani. Hakushuka. Alipunguza mwendo, akawasha na kuzima taa mara mbili, mchana kweupe, akaendelea na safari. Nilikuwa na jerikeni mikononi, sikuweza hata kupunga.

Ijumaa, 26 Februari

Hawajarudi. Karani anasema labda kesho. Nimepanga vitu vyangu kwenye gunia kama mtu anayehama. Msasa, vitambaa, losheni. Ni vichache. Baba Kerubo amekuja kutoka kwenye mashamba ya chai Kericho kwa mapumziko ya mwisho wa mwezi. Kaniuliza kama ningeacha tu ile nta ingekuwaje. Kahawa yake nimeikoroga kwa nguvu hadi ikamwagika.

Jumapili, 28 Februari

Nilikwenda kuchukua gunia. Gari lilikuwa uani, walirudi jana usiku. Matope hadi milangoni, wadudu wamejaa kwenye namba ya gari. Kwenye taa pia, lakini wamekaa juu juu. Nilifuta kwa kitambaa chenye maji, wakatoka. Chini, kioo kikavu. Kushoto safi. Kulia safi. Nilifuta mara ya pili bila sababu.

Kantibhai alishuka na ndara, hajanyoa. Akasimama upande wa pili wa gari.

"Londiani ukungu tupu," akasema. "Ng'ombe amesimama katikati ya barabara. Mimi sikumwona. Ba alimwona."

Akaonyesha kwa kidole alisimama upande gani. Kulia.

Aliweka ufunguo wa bomba kwenye ukingo wa beseni. Nikadhani ni wa leo. Alipofika ngazini akasema ameshamwambia mtu wa betri atafute kwingine, na ufunguo huo ni mmoja tu, nisiupoteze.

Niliushika mpaka ukapata joto. Kisha nikaenda Tabaka jioni hiyohiyo.

Jumatatu, 1 Machi

Mama amelala kwetu jana. Leo asubuhi tumetembea naye polepole mpaka mjini, akapumzika mara mbili. Alikuja na kigoda changu kichwani. Alisema hawezi kukiacha kule peke yake.

Ombati alimpisha mahali penye kivuli, akamwita mama, akaenda kununua maandazi bila kuombwa.

Nilimpa mama taa moja iliyong'olewa, ya kujaribia. Hakuuliza maswali. Alikaa, mguu huku, mguu huku, akaanza. Vidole vyake vinajua. Msasa mkali, laini, laini zaidi. Asubuhi yote nilikuwa nasikiliza. Alikohoa mara mbili.

Alipomaliza aliinua kioo, akatazama jua liko wapi, akaniuliza nta iko wapi.

Nikamwambia hakuna nta. Akanitazama kama mtoto asiyejua kazi. Nitamweleza, polepole. Kwanza nikachukua ufunguo, nikaenda kumfungulia maji.